Bibi Marie Van Brittan Brown na Mlango Wake

Mimi niliondoka katika shule hii miaka mingi iliyopita, na kazi yangu ni ufundi wa umeme. Kwa miaka ya karibuni shughuli yangu kubwa imekuwa kufunga kamera za ulinzi majumbani na madukani, hapa Kampala na katika miji ya jirani. Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, nilikumbuka kwamba katika kurasa hizi wamekwisha andikwa wafalme, majemadari wa vita, na wasafiri waliotafuta chanzo cha mto Nile. Mimi nimemchagua muuguzi mmoja. Lakini naomba kwanza nieleze jinsi nilivyopata kumjua, maana nilimjua kwa ajili ya kosa langu mwenyewe.

Ninaye shangazi ambaye ni mkunga. Mumewe alifariki, na watoto wake wako mbali kwa masomo na kazi, kwa hiyo anakaa peke yake katika nyumba yenye ukuta na lango la chuma. Wezi walipozidi mtaani kwake nilimfungia kamera moja juu, chini ya paa, ikitazama langoni, nikaiunganisha na simu yake kwa njia ya intaneti. Nilijivuna sana. Nilimwambia kwamba hata akiwa kazini ataliona lango lake. Yeye aliniuliza kama picha ile haiwezi kuonekana katika televisheni yake, ile anayotazamia habari saa tatu usiku, nami nikamjibu kwamba mambo ya simu ndiyo ya kisasa. Shangazi ni mtu mpole, hakubishana nami.

Usiku mmoja, saa nane, lango likagongwa. Shangazi akapapasa kutafuta miwani, akatafuta simu, simu ikadai neno la siri, kisha picha ikakawia kuja kwa kuwa mtandao ulikuwa dhaifu. Ilipokuja ilionyesha barabara tupu. Lango likagongwa tena, na barabara bado ni tupu. Aliogopa, na ni nani asingeogopa? Akazima taa, akakaa kimya nyuma ya mlango hata kugonga kukakoma. Asubuhi ndipo alipopata habari. Aliyegonga alikuwa mtoto wa jirani, wa miaka minane hivi, aliyetumwa kumwita kwa sababu mama yake ameshikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amesimama karibu kabisa na lango, na ile bati ya chuma ilimficha, maana kamera yangu ilikuwa ikitazama mbali kupita juu ya kichwa chake. Yule mama alijifungua mbele ya mkwewe tu. Mtoto alizaliwa mzima, lakini mama alipoteza damu nyingi, akachukuliwa hospitali na kulala huko siku nyingi.

Shangazi hakunikemea. Alisema tu kwamba kwa miaka thelathini watu wamekuwa wakimgongea usiku, na kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza asifungue. Wasomaji, maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta ni nani wa kwanza aliyewaza kuonyesha picha ya mlangoni katika televisheni ya nyumbani, na aliwazaje. Ndivyo nilivyokutana na Bibi Marie Van Brittan Brown.

Alizaliwa tarehe 30 Oktoba, mwaka 1922, katika mtaa uitwao Jamaica. Msidhani Jamaica hiyo ni kile kisiwa cha Bahari ya Karibi. Huu ni mtaa wa mji wa New York huko Marekani, katika upande wa Queens. Baba yake alikuwa mtu wa jimbo la Massachusetts na mama yake mtu wa Pennsylvania. Walikuwa watu weusi wa Marekani, na Marie aliishi maisha yake yote huko huko Queens alikozaliwa. Wako watu wanaozunguka dunia nzima wasione kitu. Huyu alikaa mahali pamoja akautazama vizuri mlango wa nyumba yake.

Alipozaliwa, televisheni haikuwapo. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu wakati John Logie Baird, mtu wa Scotland, alipowaonyesha wataalamu huko London picha zinazotembea zilizopelekwa kwa umeme kutoka chumba kimoja hata kingine. Hiyo ilikuwa Januari 1926. Alipokuwa na miaka 16, televisheni ikaja mpaka karibu na kwao. Tarehe 30 Aprili 1939, Maonyesho Makubwa ya Dunia yalifunguliwa katika uwanja wa Flushing Meadows, ambao uko Queens, na hotuba ya Rais Roosevelt ikarushwa kwa televisheni siku hiyo. Walioiona walikuwa wachache, kwa maana vyombo vyenyewe vilikuwa ghali mno. Vita Kuu ya Pili ikasimamisha biashara hiyo, na vita vilipokwisha ikafumuka kama maji ya mvua. Kufikia mwaka 1960, karibu nyumba tisa katika kila nyumba kumi za Marekani zilikuwa na televisheni.

Marie alisomea uuguzi akawa nesi. Vijana mnaosoma leo huenda msijue kwamba katika nchi ile wauguzi weusi walitengwa kwa muda mrefu. Walikuwa na chama chao wenyewe, kwa kuwa katika majimbo mengi hawakukubaliwa katika chama kikuu, na ni mwaka 1951 tu ndipo chama chao kilipovunjwa kwa vile wenzao wamekubali kuwapokea. Marie alikuwa na miaka 28 wakati huo. Aliolewa na Bwana Albert Brown, fundi wa vyombo vya elektroniki, wakapata watoto wawili.

Sasa fikirini maisha ya nyumba hiyo. Mke ni muuguzi, na muuguzi hana saa za kawaida. Leo anaondoka asubuhi, kesho anarudi alfajiri. Mume ni fundi, naye saa zake si za kawaida. Mara nyingi mmoja yuko nyumbani na mwingine hayupo, na mara nyingi aliyebaki peke yake usiku ni Marie. Katika miaka ile uhalifu uliongezeka sana katika mitaa ya New York. Polisi walipoitwa walikawia kufika, hasa katika mitaa kama ule wa akina Brown. Wala hapakuwa na namba fupi ya kuwaita kwa simu. Ile namba ya 911 ambayo mnaiona katika sinema ilianza kutumika katika mji wa New York mwaka 1968.

Kuna jambo moja lililotokea Queens katika siku hizo ambalo siwezi kulipita. Usiku wa manane wa tarehe 13 Machi 1964, msichana aitwaye Kitty Genovese aliuawa kwa kisu karibu na mlango wa nyumba yake, huko Kew Gardens, mtaa usio mbali na Jamaica. Alikuwa anarudi kutoka kazini. Magazeti yaliandika kwamba watu 38 waliona wakanyamaza. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba habari hiyo ilitiwa chumvi, kwamba wengi hawakuona kitu kamili na wengine walipiga kelele. Lakini hofu ilikwisha kuingia mioyoni, na watu wa New York wakaanza kuongeza makomeo. Sisemi kwamba Marie alivumbua chombo chake kwa ajili ya kifo hicho. Nasema tu kwamba mwanamke wa kazi za usiku, katika Queens ya miaka ile, hakuhitaji kufundishwa maana ya mlango.

Tena mlango wa kawaida una taabu yake. Ukigongwa, huna budi kwenda kuchungulia. Ukienda umekwisha jisogeza karibu na yule usiyemjua. Ukiuliza nani, umekwisha kumwambia kwamba umo ndani, na kwa sauti yako umemwambia kwamba wewe ni mwanamke. Ukinyamaza, huenda ni mgonjwa, huenda ni jamaa, huenda ni mtoto aliyetumwa. Bibi Brown aliitaka njia ya kumwona mgeni na kuzungumza naye bila yeye mwenyewe kuondoka chumbani.

Basi mke na mume wakakaa pamoja. Yeye alijua haja na mume alijua nyaya. Tarehe 1 Agosti 1966 walipeleka maombi ya hati ya uvumbuzi katika ofisi ya serikali ya Marekani inayohifadhi haki za wavumbuzi. Katika maombi hayo jina la mke limetangulia, kisha la mume. Kwa miaka ile jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo.

Nimeisoma hati yao kama fundi anavyosoma kazi ya fundi mwenzake, na nitawaeleza kilichomo. Mlango umetobolewa matundu kadhaa ya kuchungulia, moja juu ya jingine. Upande wa ndani wa mlango pana sanduku lenye kamera ya televisheni, nayo kamera inasukumwa na mota, inapanda na kushuka kutoka tundu hata tundu. Tundu la juu ni kwa mtu mrefu. Tundu la chini kabisa ni kwa mtoto. Nilipofika hapo niliiweka karatasi mezani nikatoka nje kidogo. Mwanamke yule, miaka hamsini na zaidi kabla yangu, alimkumbuka mtoto anayegonga mlango. Mimi, mwenye kamera ya kisasa isiyo kubwa kuliko ngumi, sikumkumbuka.

Kamera ile inapeleka picha kwa mawimbi ya redio, bila waya, mpaka kwenye kioo cha televisheni kilichowekwa chumba chochote mwenye nyumba apendapo, hata kando ya kitanda. Hapo kitandani ana vibonyezo. Cha kwanza kinapandisha na kushusha kamera. Kuna maikrofoni na kipaza sauti, ndani na nje, hivi kwamba anaweza kumwuliza mgeni shida yake na kusikia jibu. Akimtambua na kuridhika, anabonyeza, na kitasa cha umeme kinafunguka; mgeni anaingia bila mwenye nyumba kuinuka. Akiona ni mtu mbaya, anabonyeza kingine, na kengele ya hatari inalia kwa mlinzi, au kwa jirani, au polisi.

Kila kipande cha chombo hicho kilikuwapo kabla yao, na haki hiyo haiwapunguzii sifa. Kamera zinazopeleka picha kwenye kioo maalum zilikwisha tumika Ujerumani mwaka 1942, ambako mhandisi Walter Bruch alizifunga ili wakubwa watazame maroketi ya vita yakirushwa, nao wakiwa mbali na hatari. Baada ya vita zilitumika viwandani na katika mabenki. Mwaka 1968 mji mdogo wa Olean, katika jimbo hilo hilo la New York, ulifunga kamera katika barabara yake kuu ili polisi watazame wapitao. Maikrofoni zilikuwapo, vitasa vya umeme vilikuwapo. Lakini angalieni ni nani aliyekuwa akitazama katika mifano hiyo yote, na ni nani aliyekuwa akitazamwa. Mtazamaji alikuwa jeshi, tajiri au serikali. Akina Brown walimweka muuguzi kitandani kwake, wakampa yeye picha, sauti, kitasa na kengele, vyote vinne pamoja. Kwa akili yangu, uvumbuzi wenyewe ni huo. Televisheni ya nyumbani mpaka hapo ilikuwa ikileta mambo ya mbali tu, nyimbo na habari na mpira. Wao waliifanya imwonyeshe mtu kizingiti chake.

Hati ilitolewa tarehe 2 Desemba 1969, namba yake 3,482,037. Ulikuwa mwaka wa ajabu kwa mambo ya kamera. Mwezi wa Julai watu wa dunia nzima walitazama majumbani mwao picha za wanadamu wakitembea mwezini, zikija wakati ule ule. Na katika mwaka huo huo, ng'ambo kidogo ya New York, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Willard Boyle na George Smith walibuni kipande kidogo cha kunasa mwanga kwa umeme, ambacho baadaye kiliondoa zile kamera za chupa. Kwa uvumbuzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Akina Brown hawakuwa na kipande hicho. Kamera waliyoichora wao ilikuwa ya chupa ya kioo, nzito na ghali, tena iongezewe mota ya kuipandisha na kuishusha.

Siku chache baada ya hati kutolewa, tarehe 6 Desemba, gazeti la New York Times liliandika habari za chombo hicho. Bibi Brown alieleza huko kwamba mwanamke aliye peke yake angeweza kupiga kengele mara moja kwa kubonyeza tu, na kwamba chombo kingefaa hata katika chumba cha daktari, ambako waraibu wa dawa za kulevya walikuwa wakiingia kwa nguvu. Hapo unamsikia muuguzi akisema mambo ya kazini kwake. Yeye na mumewe walitumaini kwamba wajenzi wa nyumba watakichukua chombo na kukifunga katika nyumba mpya. Alipata pia tuzo kutoka kwa National Scientists Committee.

Lakini chombo hakikuenea majumbani kwa wakati ule. Gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa watu wa kawaida. Mimi ninayeuza vitu hivi najua jambo hilo lilivyo. Mteja hutazama bei kwanza, na mwizi akiwa bado hajafika mlangoni kwake, hutazama bei tena. Kwa sheria ya Marekani ya siku hizo, hati ya uvumbuzi ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Kwa hiyo haki ya akina Brown ilikoma mwishoni mwa mwaka 1986, na ni baada ya hapo ndipo kamera ndogo za bei nafuu zilipoanza kumiminika madukani. Kiangazi chote walilima wao, na mavuno yakaja shamba likiwa limekwisha kuwa la watu wote. Hata hivyo wavumbuzi waliofuata hawakuweza kuwaruka. Hati zaidi ya thelathini za baadaye zimeitaja ile yao kuwa ni msingi waliojengea.

Maisha yake baada ya hapo hayakuwa ya makelele. Aliendelea kuishi Queens. Binti yake naye akawa muuguzi, na akawa mvumbuzi pia, jambo ambalo lazima lilimfurahisha mama. Bibi Marie Van Brittan Brown alifariki tarehe 2 Februari 1999, akiwa na umri wa miaka 76. Wengi wa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu walikuwa hawajazaliwa. Jina lake lilianza kutajwa sana baada ya kufa kwake, na sasa linasomwa katika shule nyingi za Marekani.

Sasa nirudi kwa shangazi, maana najua mtaniuliza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na ngazi yangu na waya. Kamera ya juu niliiacha pale pale, kwa kuwa inafaa kuona barabara. Nikaongeza ya pili katika nguzo ya lango kwa upande wa nje, kimo cha kifua cha mtu mzima, nikaiinamisha mpaka ikaona miguu ya anayegonga. Hakuna mota ya kupanda na kushuka siku hizi. Kioo cha kamera ya sasa kinaona kwa upana, mradi fundi aiweke mahali pake. Kisha nikaweka mashine ya kunasa picha ndani ya kabati, nikavuta waya wa HDMI kutoka kwenye mashine hiyo hata kwenye televisheni. Vijana wanaopenda ufundi nitawadokeza jambo hapa. Picha inayopita intaneti kwenda kwenye simu inasafiri mbali na kurudi, hata kama kamera na simu vimo nyumba moja, na mtandao ukilegea inakawia. Picha inayopita waya kutoka kwenye mashine hadi televisheni haiendi popote. Mtu akiinua mkono langoni, kitandani unauona mkono unainuka. Nani wa kulaumiwa kwamba sikumfungia hivyo tangu mwanzo, wakati aliniomba mwenyewe kwa kinywa chake? Waya ule ulikuwa mle mle ndani ya sanduku la mashine siku ya kwanza. Niliutupa katika mfuko wangu wa vifaa.

Televisheni ya sebuleni tuliiacha, tukanunua ndogo ya chumbani. Nikaweka pia chombo cha kuzungumzia pale langoni, kitasa cha umeme, na betri ya akiba, kwa sababu wezi wa kwetu wanajua ratiba ya kukatika kwa umeme kuliko watu wa umeme wenyewe. Shangazi alitaka kitasa kiwe na ufunguo wa mkono vilevile. Nilimsikiliza safari hii.

Halafu nikabadili neno la siri la mashine, lile linalotoka nalo kiwandani. Jambo hili nalisema kwa sauti, hasa kwa wenzangu wa zamani wenye nyumba za kupangisha na maduka. Mwezi wa Oktoba 2016, maelfu kwa maelfu ya kamera na mashine za kunasa picha katika nchi mbalimbali zilitekwa na programu mbaya iliyoitwa Mirai, kwa sababu wenyewe hawakuwa wamebadili maneno ya siri ya kiwandani. Zikatumika kuangusha sehemu kubwa za intaneti siku nzima bila wenyewe kujua. Mashine iliyotekwa hivyo inaweza pia kumwonyesha mtu wa mbali ua wako, na watoto wako wakicheza. Bibi Brown alichora chombo ambacho mtazamaji wake ni mwenye nyumba. Nimeingia nyumba nyingi ambamo mwenyewe hajui ni nani mwingine anayetazama. Nyumba nyingine nilikuta baba ameelekeza kamera chumba cha mtumishi. Hiyo nilikataa kuifunga, nikapoteza kazi na malipo ya siku mbili.

Siku niliyomaliza kwa shangazi, nilitoka nje nikasimama langoni ili ajaribu. Nikagonga. Nikasikia sauti yake kutoka kwenye nguzo ikiniuliza mimi ni nani na nimetumwa na nani, kana kwamba hanijui. Nikachuchumaa nikawa kimo cha mtoto, nikagonga tena. Akacheka ndani ya kipaza sauti, akaniambia nifunge vifungo vya shati langu, kisha kitasa kikalia na lango likafunguka.

Nilipokuwa nikila chakula alichoniandalia, nilimsimulia habari za Bibi Brown. Aliuliza maswali mengi: alifanya kazi wodi gani, watoto walilelewa na nani wakati wa zamu za usiku, mume alikuwa mtu wa namna gani. Maswali mengine sikuweza kuyajibu. Juu ya kamera na mota na mawimbi ya redio hakuuliza hata moja. Aliposikia habari za tundu la chini alitikisa kichwa taratibu, akasema bila shaka yule alikuwa nesi.

Yule mama wa jirani amepona, na mtoto aliyezaliwa usiku ule sasa anatambaa. Kaka yake, yule mgongaji, huja mara kwa mara langoni kwa shangazi kubonyeza kengele ili asikie ukuta ukisema naye, na shangazi humjibu, hata akiwa amechoka kutoka zamu.

Michoro ya hati namba 3,482,037 inaweza kutazamwa bure na mtu yeyote. Mwalimu wa fizikia akikubali, vijana wa chama cha sayansi waitafute katika kompyuta za shule, wautazame mlango uliochorwa pale, wahesabu matundu yake, na wapime kwa mikono yao lile la chini liko kimo gani.